Upasuaji wa Siku Moja, Lugha ya Miaka Mingi

Katika hospitali kadhaa za Marekani, Australia na Uingereza, mtoto kiziwi wa umri wa mwaka mmoja hupokewa saa moja asubuhi akiwa hajatia kitu tumboni, akapewa dawa ya nusukaputi, akapasuliwa nyuma ya sikio, akatiwa chini ya ngozi chombo cha umeme ambacho huenda akaishi nacho hadi uzeeni. Na ifikapo alasiri mamaye humfunika shali na kurudi naye nyumbani. Halali wodini hata usiku mmoja. Miaka thelathini iliyopita mtoto huyo angelazwa kwa siku kadhaa, kichwa kimezungushiwa bendeji kama kilemba.

Habari za namna hii zinapowafikia wazazi wa hapa kwetu, aghalabu huwafikia zikiwa zimekatwa mkia. Wao husikia kwamba mtoto huingia hospitalini asubuhi akiwa kiziwi na kutoka jioni akiwa anasikia. Nimewahi kuulizwa na mzazi mmoja, mtu msomi wala si mjinga, kama mwanawe angeweza kufanyiwa upasuaji huo wakati wa likizo ya Agosti ili Septemba aanze shule "akiongea kama wenzake." Swali hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Mimi si tabibu; kazi yangu ni lugha. Lakini katika jambo hili kazi ya tabibu humalizika mapema mno, na kazi ya watu wa lugha, nao ni wazazi na walimu kabla ya sisi wa vyuo vikuu, huanza pale yeye anapovua glavu.

Tuanze na sikio lenyewe. Ndani kabisa, katika mfupa ulio mgumu kuliko yote ya fuvu, mna mfereji uliojizungusha mizunguko miwili na nusu hivi mithili ya gamba la konokono. Wataalamu huuita koklea. Ukinyooshwa, urefu wake ni kama milimita 35 tu. Humo mna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, ambazo huupokea mtikisiko wa sauti na kuugeuza kuwa ujumbe wa umeme unaosafiri kwa neva hadi ubongoni. Seli zilizo karibu na mlango wa mfereji hupokea sauti nyembamba, zile za ndani zaidi hupokea sauti nzito. Zikifa hazioti tena. Huuawa na homa ya uti wa mgongo, na baadhi ya dawa kali za sindano kama gentamaisini, na rubela aliyoipata mama akiwa mjamzito. Na mara nyingi kasoro hutokana na jeni za wazazi wawili ambao wao wenyewe wanasikia vyema. Kifaa cha kawaida cha kusaidia kusikia hukuza sauti. Iwapo seli za kuipokea hazipo, kuikuza ni kupiga kelele katika nyumba isiyo na mtu.

Kipandikizi cha koklea hakikuzi sauti. Huziruka seli zilizokufa na kuisisimua neva moja kwa moja kwa umeme. Mwaka 1957 huko Paris, André Djourno na Charles Eyriès walimtia mgonjwa mmoja waya wa kuisisimua neva ya kusikia, naye akasikia mlio usiofanana na maneno, lakini ulikuwa mlio. Mwaka 1961 William House akafanya majaribio yake Los Angeles. Kwa muda mrefu wakubwa wa sayansi waliicheka kazi hii: waya chache zingewezaje kuchukua nafasi ya maelfu ya seli?

Graeme Clark wa Australia, ambaye babaye mwuza dawa alikuwa na uziwi, hakucheka. Taabu yake ilikuwa moja: kuupitisha waya ndani ya mfereji unaopinda bila ya kuuchana. Mwaka 1977, akiwa likizoni ufuoni, aliokota kombe lililojisokota, akachukua jani la nyasi na kulisukuma ndani. Akaona kwamba jani lililo laini nchani na gumu kidogo shinani hufuata mizunguko ya kombe lenyewe bila kukwama. Mtoto yeyote wa Lamu au Vanga amekwisha kuucheza mchezo huo, ila hakuna aliyemwuliza ameona nini. Tarehe 1 Agosti 1978, mjini Melbourne, Clark alimtia kipandikizi cha njia nyingi Rod Saunders, aliyepoteza usikivu katika ajali ya gari. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha kipandikizi cha aina hiyo kwa watoto wa miaka miwili na zaidi mwaka 1990, ikateremsha umri hadi miezi 12 mwaka 2000, na mwaka 2020 ikaruhusu kifaa cha kampuni moja kitiwe kwa watoto wa miezi 9.

Sasa, upasuaji. Huchukua kama saa mbili hadi tatu kwa sikio moja. Daktari hukata ngozi nyuma ya sikio, akaukerea mfupa kwa keekee ndogo, akatoboa kijia chembamba kinachopita kando ya neva ya uso. Neva hiyo ikiumizwa, uso wa mtoto hupooza upande mmoja, na kwa ajili hiyo huwekwa mashine inayolia pindi keekee inapoikaribia. Kupitia kijia hicho huupenyeza uzi wenye vituo vya umeme, 12 hadi 22 kwa kutegemea kiwanda, ndani ya koklea. Chombo chenyewe hulazwa chini ya ngozi. Kabla ya kushona, huvipima vituo hapo hapo mezani, mtoto akiwa bado usingizini, kuona kama neva inaitika. Na hapa pana jambo ambalo hunistaajabisha kila nilikumbukapo: koklea ya mtoto mchanga huzaliwa ikiwa na ukubwa ule ule itakaokuwa nao utu uzimani. Fuvu litakua, na waya huachiwa ulegevu wa kulifuata, lakini mfereji hautaongezeka hata milimita.

Nini basi kilichofanya kazi hii iweze kumalizika mchana mmoja? Mkato wa leo ni mfupi kuliko wa zamani, dawa za nusukaputi humtoka mtoto upesi, na kutapika, ambako ndiko kulikowazuilia wengi wodini, kuna dawa za kukuzuia. Maumivu mara nyingi hutulizwa kwa dawa za kawaida za maji anazoweza kuzitoa mama. Madaktari waliotazama yaliyowapata watoto waliorudi nyumbani siku ile ile waliona kwamba, wakichaguliwa vizuri, hawakuwa hatarini zaidi ya waliolazwa. Tena mtoto hulala vyema kitandani mwake, na hospitali huepuka gharama ya kitanda.

Wakichaguliwa vizuri: maneno hayo mawili yamebeba mzigo mzima. Mtoto mwenye shida ya kupumua hulazwa. Mtoto mdogo sana hutazamwa kwa muda mrefu zaidi. Kuna ugonjwa wa nadra ulioelezwa na madaktari wa Norway, Jervell na Lange-Nielsen, mwaka 1957, ambao huja na uziwi pamoja na hitilafu katika umeme wa moyo. Mtoto wa namna hiyo aweza kufia mezani iwapo moyo wake haukupimwa kwanza. Zaidi ya yote, nyumba yenyewe huchunguzwa. Je, wazazi wana simu? Wana gari? Wakiona uso umelegea, au homa imepanda, au maji meupe yanamtoka mtoto puani, watafika hospitalini kwa muda gani? Siku moja ya hospitali za Melbourne au London imejengwa juu ya barabara ya lami na gari la wagonjwa linalokuja likiitwa. Upasuaji huu umekuwa ukifanywa Nairobi pia, na madaktari wetu si watu wa kubezwa. Lakini mtoto aliyeletwa kutoka Marsabit au Tana River hawezi kuambiwa arudi kwao jioni. Kwake yeye kulazwa siku mbili tatu, au kupata chumba karibu na hospitali, si unyuma wa maendeleo. Ni busara, na daktari anayemlaza asionekane kuwa amepitwa na wakati.

Pana chanjo pia. Mtu mwenye kipandikizi yumo hatarini zaidi ya kushikwa na homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria, na hivyo hutakiwa achanjwe kabla. Kenya ilianza kuwachanja watoto wote dhidi ya nimokokasi mwaka 2011. Mzazi akitafute kile kijitabu cha kliniki na kukichukua.

Haya, jioni imefika na mtoto yuko nyumbani. Anasikia nini? Hasikii kitu. Kipandikizi hakijawashwa. Kidonda huachwa kipone kwa wiki mbili hadi nne hivi, ndipo mtoto hupewa sehemu ya nje, yaani maikrofoni na kompyuta ndogo inayokaa sikioni, pamoja na kisahani kinachonasa kichwani kwa sumaku na kupeleka ujumbe kwa redio kupita ngozini. Siku ya kuwashwa watu huja na kamera wakitarajia tabasamu. Watoto wengi hulia. Kwa nini wasilie? Mtu aliyeishi kimya tangu tumboni ghafla anatiwa kichwani kitu asichokijua, na hajui hata kwamba kinatoka kinywani mwa mamaye. Ubongo wake hauna budi kujifunza kwamba mlio huu ni mlango, na huu mwingine ni jina lake. Mtaalamu wa usikivu hurekebisha kiwango cha umeme cha kila kituo, kidogo kidogo, na ziara hizo huendelea kwa miezi, kisha kwa miaka.

Hapo ndipo umri unapoingia. Mwaka 1967 Eric Lenneberg alitoa hoja kwamba kuna kipindi maalumu ambapo ubongo wa binadamu hupokea lugha, na kwamba kipindi hicho kikipita mlango hurudi nyuma. Wanaisimu tumebishana juu ya mipaka ya kipindi hicho, wala hatujaisha. Kwa upande wa usikivu, Anu Sharma na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba watoto waliotiwa kipandikizi kabla ya miaka mitatu na nusu, ubongo wao uliitika sauti kama wa wenzao katika muda wa miezi michache. Waliongoja hadi baada ya miaka saba, wengi hawakufikia hapo. Udongo uwahi uli maji, walisema wazee, nao hawakuwa na maabara. Nchini Marekani lengo ni mtoto apimwe usikivu kabla ya kutimiza mwezi mmoja, ugonjwa uthibitishwe kabla ya miezi mitatu, msaada uanze kabla ya sita. Kwetu kupima usikivu wa kila mtoto anayezaliwa bado si desturi ya kila hospitali. Mtoto hugunduliwa akiwa na miaka mitatu, minne, baada ya nyanya kusema "huyu atachelewa kunena tu, hata babaye alichelewa." Tunajadili upasuaji wa siku moja ilhali tumekwisha kupoteza siku elfu moja kabla ya kuufikia.

Nisogee sasa kwenye jambo lililo langu zaidi. Vituo 22 si seli elfu kumi na tano. Sauti anayoipata mtoto ni picha iliyochorwa kwa kalamu nene. Irabu hupita vizuri, na Kiswahili kina irabu tano tu zilizo wazi, hiyo ni bahati yetu. Lakini tazama mahali tulipoficha sarufi. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na sarufi yote imejaa mwanzoni, katika silabi fupi zisizo na mkazo. Kitabu na vitabu, mtoto na watoto, anasoma na alisoma na atasoma: tofauti zote hizo zimo katika silabi ambazo msemaji huzipita mbio. Ubaya zaidi, sema "atakuja," kisha sema "hatakuja." Kati ya ahadi na kunyimwa pana sauti moja tu, h, sauti hafifu kuliko zote, ambayo hata wenye masikio mazima huiangusha barabarani. Mtoto mwenye kipandikizi anayengoja baba Ijumaa, hali ameambiwa kwamba hatakuja, hakukosa akili. Amekosa h.

Kwa Kikuyu, Kikamba na Dholuo pana tatizo jingine, yaani toni. Kipandikizi huufikisha urefu na ukubwa wa sauti vyema kuliko kupanda na kushuka kwake. Uchunguzi miongoni mwa watoto wa China wasemao Kimandarini na Kikantoni umeonyesha kwamba toni huwatatiza. Sijasema kwamba watoto wetu hawawezi kujifunza lugha zao, Wachina hujifunza. Ninachosema ni kwamba vipimo vya maneno na michezo ya mazoezi vinavyokuja pamoja na mitambo hii vimetungwa hasa kwa lugha za mbali, na kazi ya kuvitunga kwa Kiswahili na kwa lugha zetu nyingine haitafanywa na kiwanda cha Australia. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayenisoma huku akitafuta mada ya tasnifu, na aitafakari hii.

Walimu nao. Mwalimu mmoja aliyekuwa akisoma kwetu wakati wa likizo alinisimulia juu ya mtoto wa darasa lake la pili, mwenye kipandikizi, ambaye kwa wiki nzima alikaa ameduwaa, akaandikiwa kwenye ripoti kuwa ni mvivu. Betri ilikuwa imekufa. Hakuna aliyejua kwamba kile kidude cha sikioni huwa na betri, na mtoto mwenyewe hakuwa na maneno ya kusema kwamba dunia imezimika. Siku hizi mwalimu huyo huita jina lake kila asubuhi akiwa nyuma yake, kabla ya somo la kwanza, na asipogeuka hufungua kisanduku cha chaki alimoweka betri za akiba. Alijifunza pia kwamba kumpigia mtoto huyo kelele hakufai, kwamba paa la mabati wakati wa mvua humfunga masikio kabisa, na kwamba akiandika ubaoni huku akisema, amesemea ukuta.

Kipandikizi na sehemu yake ya nje, kwa shilingi zetu, huhesabiwa kwa mamilioni. Nimeona ardhi ikiuzwa. Kwa hivyo siwalaumu wazazi wanaotaka kuona matunda upesi, wala siwalaumu wanapoambiwa na mtaalamu kwamba mtoto asifundishwe ishara hata kidogo, wakatii. Ila swala hili si jepesi hivyo. Mkutano wa waalimu wa viziwi uliofanyika Milano mwaka 1880 ulipitisha kwamba ishara zitolewe shuleni, na vizazi kadhaa vya watoto vilifungwa mikono kwa azimio hilo. Ilikuwa hadi mwaka 2010, huko Vancouver, mkutano wa aina hiyo ulipoeleza majuto yake. Katiba yetu ya mwaka huo huo imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, katika kifungu cha 120. Lugha inayotosha kutungia sheria haitoshi kumwambia mtoto hadithi ya sungura na fisi?

Tuwe waadilifu: ushahidi umegawanyika. Ann Geers na wenzake mwaka 2017 waliona kwamba watoto wenye vipandikizi ambao wazazi wao hawakutumia ishara walisema na kusoma vizuri zaidi. Mwaka 2014 Kathryn Davidson na wenzake waliwatazama watoto watano tu, wenye vipandikizi na waliozaliwa na wazazi viziwi wanaojua ishara barabara, wakawakuta katika Kiingereza wanalingana na wenzao wanaosikia. Mimi nionavyo, tofauti kubwa imo katika ufasaha wa wazazi. Zaidi ya tisa katika kila watoto kumi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, ambao ishara wanajifunza wakiwa wamechelewa, neno moja leo na jingine mwezi ujao. Hata hivyo kipandikizi hukatika, betri huisha, sumaku huvuliwa wakati wa kuoga na kulala, na mtoto yule yule huwa kiziwi. Tena wapo ambao hakikuwafaa. Kumwacha mtoto bila lugha yoyote kwa miaka miwili huku tukingoja sikio lizoee ni kamari, na anayecheza siye atakayelipa.

Nikiwa hapo niseme neno dogo juu ya neno. Wako wanaolalamika kwamba "kiziwi" limewekwa katika ngeli ya vitu. Kijana na kiongozi wamo ngeli hiyo hiyo, na sijasikia kiongozi akilalamika. Neno la kuachwa ni "bubu," kwa sababu si kweli.

Namalizia na yule mzazi wa Agosti. Mwanawe alikuja kutiwa kipandikizi, akalazwa siku mbili, akawashwa baada ya wiki tatu. Mwaka mmoja baadaye mama alinijia akiwa na shida nyingine. Nyumbani mwao mtoto hulelewa mchana na nyanya, ambaye lugha yake ni Kikamba na Kiswahili kidogo. Mtaalamu aliyekuwa akiwafundisha alikuwa amewaambia wachague lugha moja, wachague Kiingereza, wengine wanyamaze ili mtoto asichanganyikiwe. Nyanya alitii. Kwa miezi minne alimlisha mjukuu, akamwogesha, akambeba mgongoni, bila kutamka neno.

Nilimweleza mama yule kwamba watoto wenye vipandikizi wanaokuzwa kwa lugha mbili wamechunguzwa Marekani na kwingineko, na lugha ya nyumbani haikuonekana kuwadhuru. Na kwamba kinachomjenga mtoto ni wingi wa maneno anayoambiwa yeye, uso kwa uso, na mtu anayeyamiliki. Mtu wa namna hiyo katika nyumba ile alikuwa mmoja. Mama alichukua simu yake pale pale ofisini mwangu, akapiga Machakos, na kwa Kikamba ambacho sikielewi sana akazungumza kwa muda mrefu. Nilitambua neno moja tu, jina la mtoto, ambalo mtu wa upande wa pili alilirudia mara tatu.